Volti 12, 24 au 48? Kupangua Madai ya Dukani na Gereji

Mtu akinunua Coaster iliyochoka udaladala, au Land Cruiser iliyokwisha kubeba watalii, akakusudia kuigeuza nyumba ya kulala njiani, hachelewi kukutana na swali la volti. Ataulizwa Luthuli Avenue ya Nairobi, ataulizwa Kariakoo ya Dar es Salaam, na kila duka litakuwa na jibu lake, jibu ambalo mara nyingi hufanana sana na mzigo uliolala stoo. Mwenye inverta za 12 atasema 12 inatosha kila kitu. Mwenye betri za ukutani za 48 atasema 12 ni mambo ya zamani. Fundi wa gereji naye atasema fanya kama injini ilivyo, yaishe.

Msimamo wangu nautoa mapema. Volti za benki ya betri huamuliwa na mambo mawili: ampea nyingi kuliko zote zitakazopita kwa wakati mmoja, na volti ambazo gari lenyewe tayari linatumia. Ukubwa wa benki ni habari nyingine. Paneli ni habari nyingine. Heshima ya mwenye gari haimo kabisa kwenye hesabu, ingawa ndiyo inayouza vifaa vingi. Nitayachukua madai moja baada ya jingine, na mengine hayastahili aya ndefu.

“Betri za 48 zina umeme mwingi kuliko za 12”

Hili ndilo dai linalorudiwa kuliko yote, na ndilo jepesi kulipangua. Chukua betri nne za lithiamu, kila moja ya volti 12.8 na ampea-saa 100. Kila moja ina wati-saa 1,280, zote nne wati-saa 5,120. Ziunge zote chanya kwa chanya na hasi kwa hasi: volti 12.8, ampea-saa 400. Ziunge mbilimbili kwa sirizi, chanya ya hii kwenye hasi ya ile, kisha jozi mbili hizo ziwe sambamba: volti 25.6, ampea-saa 200. Ziunge zote nne kwa sirizi: volti 51.2, ampea-saa 100. Zidisha mara zote tatu, jibu ni 5,120. Friji itakaa muda uleule, taa zitawaka usiku uleule.

Kinachobadilika ni namna umeme unavyotoka. Wafikirie wapagazi wanaotoa mahindi stoo. Mahindi yote yanayopita kwa dakika ni wati, idadi ya wapagazi wanaopita ni ampea, na anachobeba kila mmoja ni volti. Wakibeba debe mojamoja wanahitajika wanne pale ambapo mmoja mwenye madebe manne angetosha, na mlango, yaani waya, lazima uwe mpana wasije wakabanana. Mahindi yaliyomo stoo hayakuongezeka hata punje.

Kosa hili lina pacha wake, nalo ni kulinganisha betri kwa ampea-saa peke yake. Anayeziona N200 mbili za asidi, kila moja volti 12 na ampea-saa 200, akazilinganisha na betri moja ya lithiamu ya volti 51.2 na ampea-saa 100, atadhani lithiamu ni pungufu. Piga hesabu ya wati-saa: N200 mbili zina 4,800, na kwa kuwa betri ya asidi haipendi kushushwa chini ya nusu, zinazotumika kwa amani ni 2,400. Ile ya lithiamu ina 5,120 na unaweza kutumia zaidi ya robo tatu bila kuiumiza. Muuzaji akikutajia ampea-saa bila volti, hajakwambia kitu bado.

“Siku hizi hakuna anayeweka 12”

Wanaweka, na wana sababu. Hesabu kilichomo ndani ya Land Cruiser yenye hema la juu: friji ya kompresa ya lita 40 au 50, taa za LED, pampu ya maji, feni moja au mbili, simu, kompyuta mpakato, na siku hizi pengine Starlink Mini. Friji ndiyo mlaji mkuu. Kompresa yake ikizunguka hula wati 40 hadi 60, na kwenye joto la Loiyangalani inaweza kuzunguka zaidi ya nusu ya siku. Tuipe wati-saa 700 kwa siku kwa ukarimu, na vingine vyote kwa pamoja tuvipe 400. Paneli ya wati 400 ikipata saa tano za jua zuri, ukatoa robo kwa vumbi, joto na hasara za njiani, inarudisha wati-saa 1,500. Hesabu imefunga na chenji imebaki.

Sasa tazama ampea, maana ndizo zinazochagua volti. Vyote hivyo vikiwaka kwa pamoja havifiki wati 250. Kwa volti 12 hiyo ni ampea 20 hivi, mzigo ambao kebo ya kawaida ya milimita sita au kumi hubeba bila kulalamika. Gari la namna hiyo likipandishwa hadi 48 halipati faida yoyote, isipokuwa kununua kigeuzi cha kurudisha volti hizo hadi 12 ili taa ziwake.

Vifaa vyenyewe havina ugomvi mkubwa. Kompresa ya BD35F ya Secop, kampuni iliyotokana na Danfoss, imo ndani ya friji nyingi za safari na inapokea 12 au 24 bila kubadilishiwa kitu. Starlink Mini inapokea kuanzia 12 hadi 48. Anayekuuzia 24 kwa sababu ya friji, au anayekukataza 24 kwa sababu ya friji, wote wawili hawajasoma kibandiko kilicho nyuma yake.

Utata unaanza mtu anapotaka birika la umeme, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu birika ndilo linaloonyesha vizuri kwamba ukubwa wa benki na volti ya benki ni maswali mawili tofauti. Kuchemsha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 kunahitaji wati-saa 93. Tuseme 110, maana birika nalo hupoteza joto. Kwa benki ile ya 5,120 hiyo ni asilimia mbili tu, jua la dakika ishirini hivi. Kwa hesabu ya siku, chai si gharama. Lakini birika la wati 2,000 huvuta zote hizo ndani ya dakika tatu na kidogo, na katika dakika hizo inverta ya volti 12 yenye ufanisi wa asilimia 90 inadai ampea 185 kutoka kwenye betri. Inverta ya 24 inadai ampea 93, ya 48 inadai 46.

Kwa hiyo mtu wa friji mbili zinazozunguka mchana kutwa anaweza kukaa na 12 kwa raha, huku mwenzake asiyetumia karibu chochote ila birika na jiko dogo la umeme akalazimika kupanda 24. Jumla ya siku ya wa kwanza ni kubwa zaidi, ila kilele cha wa pili ndicho kinachotisha waya. Kiyoyozi, jiko la induksheni, mashine ya kukaushia nywele: hivi ndivyo vinavyoamua. Mpaka wangu mimi ni inverta ya wati 2,000. Chini ya hapo 12 inafaa. Kuanzia hapo hadi wati 4,000 hivi nachagua 24, na 48 namwachia mwenye lori au basi zima la kuishi, anayewasha kiyoyozi na jiko kwa pamoja. Inverta ya wati 3,000 kwa volti 12 huuzwa, na inafanya kazi, lakini ikishiba inavuta karibu ampea 280. Sijui kwa nini mtu ajitafutie mtihani huo.

Usisahau pia mfumo wa ulinzi ulio ndani ya betri ya lithiamu, ule unaoitwa BMS. Betri nyingi za ampea-saa 100 huruhusu ampea 100 tu mfululizo. Betri moja ya 12.8 kwa hiyo haitoi zaidi ya wati 1,280. Ukiiwekea birika itajizima, na utalaumu inverta bure. Na kabla ya hesabu zote hizi kuna mtungi wa gesi wa kilo sita, ambao huchemsha chai bila kuuliza volti.

“Ukiwa na 24, waya wembamba unatosha gari zima”

Gari zima, hapana. Kwa upande wa waya, volti kubwa hulipa mahali pamoja tu, kwenye jozi ya kebo kutoka betri hadi inverta. Chukua kebo ya shaba ya milimita za mraba 35, mita mbili kwenda na mita mbili kurudi. Ukinzani wake ni omu 0.002. Birika letu likiwa kwenye 12 na ampea 185 zikapita, kebo inapoteza wati 68 kama joto, na volti 0.37 zinaishia njiani. Kwenye 24, kebo ileile inapoteza wati 17. Ampea zimepungua nusu, hasara imepungua mara nne, kwa sababu hasara hufuata mraba wa ampea.

Hesabu hiyohiyo ukiipeleka kwenye taa ya wati 5, tofauti haionekani hata kwa kifaa cha kupimia. Na kama vifaa vyako vidogo ni vya 12, ukaweka kigeuzi cha 24 hadi 12, basi waya zote baada ya kigeuzi zinabaki na unene wa 12. Umepunguza shaba kwenye mita nne, ukaongeza kisanduku kimoja chenye hasara zake.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi, na kwangu ndilo lenye uzito kuliko bei ya shaba, ni barabara. Gari la huku halitembei kwenye lami tu. Siku nzima kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbimawimbi hulegeza nati yoyote isiyo na spring washa. Kila lagi, kile kichwa cha shaba kinachobanwa mwishoni mwa kebo, ikianza kucheza huongeza ukinzani kidogo. Tuseme kiungo kimoja kimefikia omu 0.001, kiasi ambacho macho hayawezi kukiona. Kwa ampea 185 kiungo hicho kinatoa joto la wati 34, mahali padogo kama kidole gumba, katikati ya plastiki na mbao. Kwa ampea 93 kinatoa wati 9 hivi. Ndiyo sababu kwa gari la njia mbaya nashusha mpaka wangu wa 12: inverta ya wati 1,500 nikipanga kwenda Turkana au Katavi, na si 2,000. Nati zikazwe tena baada ya siku ya kwanza ya vumbi, na baada ya hapo kila safari ndefu.

Halafu kuna kebo zenyewe. Sokoni zimejaa kebo nene zenye rangi nzuri ambazo ndani ni alumini iliyopakwa shaba juu. Ukinzani wake ni zaidi ya mara moja na nusu ya ule wa shaba tupu. Kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiona nyeupe ndani, rudisha. Hesabu yoyote ya unene uliyoisoma, pamoja na hii yangu, imefanywa kwa shaba.

“Paneli ya 24 inataka betri ya 24”

Dai hili lilikuwa kweli wakati kontrola za chaji zote zilikuwa za PWM, na bado ni kweli kwa anayenunua kontrola ya bei ya chini kabisa. PWM huiunga paneli moja kwa moja na betri, na paneli inalazimika kufanya kazi kwa volti za betri. Paneli ya wati 400 ya kawaida hutoa ampea 13 kwa volti 31 hivi. Ukiifunga kwenye betri ya 12 kwa PWM, ampea zinabaki 13 lakini volti zinashuka hadi 13.5: unapata wati 175. Zaidi ya nusu ya paneli uliyolipia imebaki juu ya paa kama kivuli.

Kontrola ya MPPT hubadili volti za ziada kuwa ampea za ziada, na hapo jina la paneli linapoteza maana. Nyingi za siku hizi wala si za 12 wala si za 24. Unachotazama ni namba mbili kwenye kontrola. Ya kwanza ni volti za juu kabisa inazovumilia upande wa jua. Paneli mbili zenye volti 41 zisipobebeshwa mzigo, zikiwa sirizi, ni 82. Asubuhi ya nyuzi 5 kule Kitulo zinapanda kwa asilimia 6 hivi, zikawa 87. Kontrola ya volti 100 inavumilia. Ongeza ya tatu uwe na 123 na umeiua kabla jua halijapanda. Hapo betri iwe 12 au 24, haisaidii.

Namba ya pili ni ampea za kutoa, na hapa ndipo 24 inapopata alama halali. Kontrola ya Victron ya 100/50 hubeba paneli za wati 700 kwenye betri ya 12, na wati 1,400 kwenye betri ya 24. Kisanduku kilekile, bei ileile, kazi mara mbili. Mwenye paa la Coaster anayetaka wati 1,200 ananunua kontrola moja badala ya mbili. Mwenye paa la Land Cruiser lenye paneli moja au mbili hafaidiki na hilo.

Kwa 48 mambo yanageuka yakawa mabaya, na sijasikia muuzaji akiyataja. Kontrola haiwezi kuchaji betri kama paneli haina volti zaidi ya betri, kwa kawaida volti kama tano hivi za kuanzia. Benki ya lithiamu ya 51.2 inataka karibu volti 57 ijae. Paneli mbili za volti 31 kwa sirizi ni 62 kwenye karatasi, lakini karatasi hiyo ilipimwa seli zikiwa nyuzi 25. Juu ya paa la bati saa saba mchana, seli zinafika nyuzi 65 au 70, na volti zinashuka hadi 53 au 54. Jua linawaka, betri haijai. Unahitaji paneli tatu kwa sirizi, na kontrola ya volti 150, na paa la kuzilaza paneli tatu zenye takriban mita mbili za mraba kila moja. Basi linalo paa hilo. Land Cruiser haina.

“Kama unataka 12, chukua kwenye betri moja kati ya mbili”

Madereva wa malori wameufanya ujanja huu miaka na miaka: gari ni la 24, redio ni ya 12, fundi anachomoa waya kwenye betri ya chini na muziki unalia. Redio ni ndogo na alternata ni kubwa, hivyo dhambi inachelewa kuonekana. Kwenye benki ya kuishi, ambako friji na taa hula usiku kucha kwenye betri ileile moja, inaonekana upesi.

Kinachotokea ni hiki. Asubuhi betri ya chini imeshuka, ya juu imejaa. Chaja haizioni betri mbili, inaona jumla. Inapandisha hadi 28.8 ikidhani kila moja inapata 14.4, kumbe iliyojaa imepanda hadi 15 na zaidi, inachemka maji, huku iliyoshuka ikiambulia 13 na ushei na isijae hata siku moja. Betri za asidi zitakufa zote mbili kwa maradhi tofauti, moja kwa kukauka na nyingine kwa kuganda salfeti. Za lithiamu hazitachemka, ila BMS ya ile iliyojaa itakata, na kwa kuwa zimeungwa sirizi, benki nzima itazima.

Dawa yake ni kigeuzi cha 24 hadi 12 chenye ampea 20 au 30 kinachovuta kwenye betri zote mbili kwa usawa. Bei yake ni ndogo sana ukiilinganisha na betri.

Na kabla ya kuunga lithiamu yoyote kwa sirizi, soma kijitabu chake. Watengenezaji wengine huruhusu betri nne, wengine mbili, wengine hawaruhusu kabisa. Zinazoruhusiwa zichajiwe kila moja peke yake mpaka ijae, ndipo ziungwe.

“Lazima ifanane na betri ya injini”

Si lazima. Benki ya nyumba na betri ya kuwashia injini ni mifumo miwili, na siku hizi hukutanishwa na chaja ya DC hadi DC: kuna za 12 kwenda 12, 12 kwenda 24, 24 kwenda 12, zote zinapatikana. Chaja ya wati 400 ndani ya saa nne za kuendesha huweka wati-saa 1,600, zaidi ya siku nzima ya matumizi ya Land Cruiser yetu.

Hata hivyo fundi wa gereji ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ni nzito kwa wenye magari makubwa. Malori kama Fuso na Isuzu, na Coaster nyingi za dizeli zilizotoka Japani, ni ya volti 24. Taa, feni, pampu, kila kitu cha 24 kinapatikana kwenye maduka ya vipuri vya malori, Nairobi kwenye Kirinyaga Road na Dar es Salaam Gerezani, na kinapatikana pia kwenye miji midogo iliyo kando ya barabara kuu, kwa sababu malori hupita huko. Kwa gari la 24, benki ya 24 ndiyo njia fupi, hata kama inverta ni ndogo. Hapo sihitaji hesabu ya ampea.

Land Cruiser ni mtego mdogo. Ukifungua boneti ukaona betri mbili, usiseme “ni 24”. Huenda zimeungwa sambamba, na gari ni la 12. Weka multimita kabla ya kununua chochote.

“Betri na inverta za nyumbani za 48 ni bei nafuu, zipachike garini”

Bei ni nafuu kweli, na sitajifanya sioni. Umeme wa kukatikakatika umeyajaza maduka yetu betri za volti 51.2, ampea-saa 100, na inverta za haibridi za kilowati 5. Kwa wati-saa moja ya lithiamu, mara nyingi hakuna kitu cha bei rahisi zaidi. Kwa betri peke yake, kwenye basi kubwa, nakubali.

Inverta ndiyo ninayoipinga. Kwanza, zikiwa zimewashwa bila kazi yoyote nyingi hula wati 40 hadi 60. Wati 50 kwa saa 24 ni wati-saa 1,200, zaidi ya friji, taa na kompyuta zote tulizozihesabu. Nyumbani hazisumbui, maana Kenya Power au TANESCO wakirudi wanalipia. Porini unalipia wewe, na paneli yako ya wati 400 inafanya kazi karibu siku nzima kulisha sanduku lisilofanya lolote. Pili, upande wao wa jua umetengenezwa kwa paa la nyumba: nyingi zinataka volti 120 au zaidi kabla ya kuanza kuchaji. Hiyo ni paneli tano za volti 31 kwa sirizi ukiweka na nafasi ya joto, na volti hizo zote za DC zipite juu ya bati linalotetemeka. Tatu, bodi zao zimetengenezwa kukaa ukutani. Sijaona kijitabu cha inverta ya ukutani kinachotaja mawimbi ya barabara ya vumbi.

“12 haina madhara, fyuzi ni za 48”

Kinyume chake. Volti 12 hazitakurusha, ila spana ikianguka ikagusa chanya na hasi ya betri ya lithiamu, maelfu ya ampea hupita na spana inaungua mkononi. Volti ndogo hulinda ngozi. Moto huletwa na ampea, na 12 ndiyo yenye ampea nyingi. Fyuzi ikae karibu na betri, ndani ya urefu wa kiganja ikiwezekana, kwa sababu kazi yake ni kulinda kebo na si inverta. Kwa lithiamu tumia aina ya Class T, inayoweza kukata mkondo mkubwa wa shoti bila kupasuka.

Kwa 48 hatari ni ya namna nyingine: swichi na breka za nyumbani. Umeme wa AC wa hertzi 50 hugusa sifuri mara 100 kwa sekunde, na cheche ya swichi hupata nafasi ya kuzimika. DC haigusi sifuri. Breka isiyoandikwa DC, pamoja na volti zake, isifungwe hapo hata kama fundi ameitoa kwenye boksi jipya.

“Anza na 12, utahamia baadaye”

Ushauri huu husikika kama busara, na hugharimu kuliko yote. Ukihama kutoka 12 kwenda 24, paneli zinabaki. Kontrola ya MPPT huenda ikabaki, maana nyingi hujitambulia 12 au 24 zenyewe. Kebo zinabaki na sasa ni nene kupita mahitaji, jambo jema. Inverta haibaki. Chaja ya DC hadi DC haibaki. Taa na pampu za 12 zinahitaji kigeuzi. Betri zinabaki kwa sharti: ziruhusiwe sirizi, ziwe za aina moja, na za umri mmoja. Aliyeanza na betri moja ya 12, akaitumia miaka miwili, hawezi kuiongezea mpya akaziunga sirizi. Ile ya zamani itatangulia kuisha kila usiku na kuikwamisha nyingine.

Kwa hiyo anayehisi kwamba mwakani atataka jiko la induksheni, anunue betri mbili leo na aanze na 24, hata kama inverta ya sasa ni ya wati 1,000 tu. Asiyekuwa na mpango huo abaki 12, asisumbuliwe. Na aliyekwisha kuhama, inverta yake ya zamani ya 12 haitamlalia nyumbani: vinyozi na wenye vibanda vya video bado wanazitafuta. Ile chaja ya DC hadi DC ndiyo itakayokaa kwenye kabati.